UZI: Kodi ya zawadi Marekani – unaweza kumpa ndugu yako dola ngapi bila kudaiwa na IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani)?

MhasibuHouston (mleta mada):

Wakuu, habari za wikiendi.

Kila ikikaribia Desemba simu yangu inajaa swali lile lile: "Kaka, nataka kumtumia mdogo wangu hela apaue nyumba, lakini nimesikia ukivuka elfu kumi na tisa IRS wanakukata asilimia arobaini. Kweli?" Msimu uliopita kuna mtu alimtumia mama yake hela ya operesheni vipande vipande, nusu Novemba, nusu akangoja Januari ifike, kwa kuogopa hiyo elfu kumi na tisa. Mgonjwa amelala, anasubiri mwaka ugeuke! Ndiyo maana nimefungua uzi huu. Naandaa ritani za kodi hapa Texas, na wateja wangu wengi ni Watanzania na Wakenya. Hofu hii nimeichoka kwa sababu inaumiza watu bure.

Tuanze na nani anadaiwa. Kodi ya zawadi ya Marekani inamhusu anayetoa. Anayepokea hadaiwi, na hela aliyopewa haihesabiwi kuwa kipato chake. Mama yako aliyeko Songea hana shughuli yoyote na IRS.

Sasa hiyo 19,000. Si kikomo cha kutoa. Ni kiasi ambacho mtu mmoja anaweza kumpa mtu mwingine mmoja ndani ya mwaka mmoja wa kalenda bila hata kuitaarifu serikali. Mwaka 2023 kilikuwa dola 17,000, 2024 dola 18,000, 2025 dola 19,000, na 2026 kimebaki 19,000 vilevile. Hakijapanda kwa sababu sheria inataka hesabu ya mfumuko wa bei ikishapigwa, jibu lishushwe hadi elfu kamili ya chini yake, kwa hiyo miaka mingine kinaganda. Na ni kwa kila mpokeaji. Una ndugu sita, kila mmoja umempa 19,000, umeshatoa 114,000 na hujajaza karatasi hata moja.

Ukivuka? Unajaza fomu 709, ile ya kutaarifu zawadi, basi. Ile ziada inakwenda kupunguzwa kwenye msamaha wako wa maisha yote, ambao kwa zawadi za 2025 ni dola milioni 13.99, na kuanzia 2026 ni dola milioni 15 kwa sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025. Kodi yenyewe inaanza pale utakapoumaliza msamaha huo wote. Hiyo asilimia 40 ipo kweli, ndicho kiwango cha juu, ila kuna milioni kumi na tano za kuvuka kabla hujaifikia.

Nichukue mfano wa dereva wa lori ambaye mwaka 2025 alimtumia mdogo wake dola 45,000 za kujengea Bagamoyo. Toa 19,000, inabaki 26,000. Hiyo 26,000 ndiyo inayoandikwa kuwa zawadi inayotozwa kodi, halafu msamaha unaimeza: 13,990,000 toa 26,000 inabaki 13,964,000. Kodi ya kulipa ni sifuri. Kwenye fomu ameandika jina la mdogo wake, anwani, uhusiano wao, tarehe na kiasi. Watu wengi wanakwama hapa wakidhani ndugu lazima awe na namba ya hifadhi ya jamii ya Marekani. Hatakiwi kuwa nayo. Fomu haitumwi ndani ya bahasha ya 1040, yaani ritani yako ya kodi ya mapato ya kila mwaka, inasafiri peke yake, na ukituma kwa posta inakwenda Kansas City, Missouri. Mwisho ni Aprili 15 ya mwaka unaofuata. Ukiomba muda wa nyongeza wa 1040, 709 nayo imeongezewa hadi Oktoba 15.

Na kama angetaka kuepuka fomu kabisa, angetuma 19,000 mwisho wa Desemba, 19,000 nyingine Januari ikianza, na 7,000 zilizobaki Januari ya mwaka unaofuata. Hiyo ni halali kabisa, mwaka ni mwaka. Cha muhimu hela ya Desemba iwe imeshaingia mkononi mwa mpokeaji kabla ya tarehe 31 kuisha.

Nirudi kwa yule mwenye mama mgonjwa, kwa sababu hili ndilo linaloniuma zaidi. Sheria ina mlango mwingine ambao hauna kikomo chochote: ada ya shule iliyolipwa moja kwa moja kwa shule, na gharama ya matibabu iliyolipwa moja kwa moja kwa hospitali au daktari. Hizo hazihesabiwi kuwa zawadi hata kidogo. Hazigusi 19,000, hazigusi msamaha wa maisha, haziandikwi kwenye 709. Na maelekezo ya fomu yenyewe yanasema chuo cha ndani au cha nje ya Marekani, ilimradi ni taasisi ya elimu inayokubalika, yenye walimu wa kudumu, mtaala na wanafunzi walioandikishwa. Kwa hiyo ukimlipia mpwa wako ada Mlimani au Nairobi, lipa kwenye akaunti ya chuo na utunze risiti. Ukimtumia mpwa ili akalipe mwenyewe, umemzawadia mpwa, na hesabu inarudi kwenye 19,000. Ada tu lakini. Chakula, bweni na vitabu havimo.

Yule ndugu angeilipa hospitali yote kwa siku moja, hata ingekuwa dola 40,000, asingedaiwa kitu wala fomu.

Kodi hii ilianza 1924, ikafutwa 1926, ikarudi 1932, kwa sababu matajiri walikuwa wanagawa mali zao wakiwa hai ili kodi ya mirathi isikute kitu. Haikutungwa kwa ajili ya muuguzi anayemtumia baba yake hela ya mbolea. Karibuni kwa maswali.

MbebaBoksiMN:

Mkuu ubarikiwe. Mimi benki niliambiwa ukitoa zaidi ya elfu kumi wanaripoti. Sasa hii elfu kumi na ile elfu kumi na tisa zinahusianaje? Huwa natoa elfu tisa tisa ili yaishe.

MhasibuHouston:

Mkuu, acha kufanya hivyo kuanzia leo.

Hazihusiani kabisa. Ile elfu kumi ni ya fedha taslimu: ukiweka au ukitoa noti zaidi ya dola 10,000, benki inapeleka taarifa serikalini. Hiyo ni kazi ya benki, wewe hudaiwi kitu na hujafanya kosa. Kosa la jinai ni kugawanya miamala kwa makusudi ili taarifa hiyo isiandikwe. Hata kama hela ni ya mshahara wako halali uliyoitolea jasho ghalani, kule kugawanya ndiko kosa. Una 25,000, toa 25,000, jibu wanachouliza, ondoka.

Na kuna elfu kumi ya tatu, nayo watu wanaichanganya humohumo. Kama akaunti zako zote za nje, CRDB, NMB, Equity, popote, zikijumlishwa zilivuka dola 10,000 siku yoyote ya mwaka, unatakiwa kujaza FBAR, yaani taarifa ya akaunti za nje. Hiyo haina uhusiano na zawadi, ila faini zake ni kali, na wengi wetu tunaijua tumeshachelewa.

KakaWaKisauni:

Salaam ndugu zangu. Mimi ni Mmombasa, niko New Jersey. Mke wangu bado ana grini kadi, mimi nimeshachukua uraia. Nataka nimwekee 200,000 kwenye akaunti yake tutafute nyumba. Nilidhani mke na mume hawana hesabu hizi.

MhasibuHouston:

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Swali zuri sana, na wengi hawalijui.

Mke akiwa raia wa Marekani, mpe hata milioni mia, hakuna kodi wala fomu. Akiwa si raia, hata awe na grini kadi na amekaa miaka ishirini, kuna kikomo cha mwaka: dola 190,000 kwa 2025 na dola 194,000 kwa 2026. Kinachoangaliwa ni uraia wa anayepokea. Kwa hiyo 200,000 yako ya 2026 inavuka kwa 6,000. Utajaza 709, zile 6,000 zitaingia kwenye msamaha wako wa milioni 15, maisha yanaendelea. Au mpe 194,000 mwaka huu na zilizobaki Januari. Akishaapishwa kuwa raia, zawadi zinazofuata hazina kikomo.

MsemaUkweli77:

Mleta mada unapotosha watu. Shemeji yangu yuko Seattle, alimpa kaka yake elfu sitini akajengee Mwanza, na Aprili akalipa kodi zaidi ya elfu saba. Sasa unasema hakuna kodi?

MhasibuHouston:

Mkuu, hizo elfu sitini alizitoa wapi?

MsemaUkweli77:

Aliuza hisa zake za kazini.

MhasibuHouston:

Basi alilipa kodi ya faida ya hisa. Alizinunua au kupewa kwa bei ndogo, akauza kwa bei kubwa, faida ile ina kodi yake, hata angeitumia hela hiyo kununua gari lake mwenyewe. Bahati mbaya zote mbili zilitokea mwaka mmoja, akaona ameadhibiwa kwa kumsaidia kaka yake. Mwambie aangalie ritani yake, atakuta mstari wa faida ya mauzo ya mali. Kodi ya zawadi haitokei popote ndani ya 1040.

Halafu muulize kama alijaza 709. Kama hakujaza, ajaze hata sasa. Pale ambapo hakuna kodi inayodaiwa, adhabu ya kuchelewa kwa kawaida haina cha kukata, maana inapigwa kwa asilimia ya kodi. Lakini bila fomu ile miaka mitatu ya IRS kuhoji zawadi haianzi kuhesabiwa. Ukikaa kimya, zawadi ya leo inaweza kuhojiwa hata baada ya wewe kufa, na watakaohojiwa ni watoto wako.

MsemaUkweli77:

Nimekuelewa mkuu, nafuta neno la kupotosha. Nampigia leo.

BintiWaChakeChake:

Assalaam alaykum. Baba yangu yupo Maskati tangu ujana wake, raia wa Oman. Ameuza nyumba na anataka kunigaia mimi na ndugu zangu. Fungu langu linakuja kama dola 150,000. Mimi nipo Virginia, nina grini kadi. Nitakatwa ngapi?

MhasibuHouston:

Wa alaykum salaam dada. Hukatwi hata senti. Baba si raia wa Marekani na haishi huku, na hela yake inatoka benki ya Oman, kwa hiyo kodi ya zawadi ya Marekani haimfikii. Na wewe mpokeaji hudaiwi.

LAKINI. Mtu wa Marekani akipokea ndani ya mwaka zaidi ya dola 100,000 kutoka kwa mtu wa nje, zawadi au mirathi, anatakiwa kujaza fomu 3520. Ni taarifa tu, haina malipo. Usipoijaza, adhabu ni asilimia 5 ya zawadi kwa kila mwezi wa kuchelewa, hadi asilimia 25. Fanya hesabu: asilimia 25 ya 150,000 ni dola 37,500, kwa karatasi ambayo ingekugharimu jioni moja. Nayo inakwenda peke yake, haiambatani na 1040, mwisho Aprili 15.

Na usimwambie baba akugawie kwa mikono ya shangazi na ami ili kila mmoja aonekane ametoa chini ya laki moja. Watu wenye uhusiano wa damu wanajumlishwa. Jaza fomu, tunza barua ya baba na karatasi ya mauzo ya nyumba, ulale usingizi.

BintiWaChakeChake:

Allah akujaalie kheri. Hakuna aliyewahi kunitajia fomu hiyo, na nimeuliza wengi.

DadaUpatuDC:

Kaka na sisi wa mchezo? Tupo akina mama ishirini, kila mwezi elfu moja, anayepokea anabeba elfu ishirini. Mwezi wa tatu ni wangu. Tumevuka 19,000?

MhasibuHouston:

Dada, hiyo si zawadi. Upatu ni hela yako inayokurudia kwa mkupuo. Umetoa elfu ishirini kwa miezi ishirini, umepokea elfu ishirini, hakuna aliyekuzawadia. Na hata kama mtu angeng'ang'ania kuiita zawadi, kila mwanachama amekupa elfu moja tu, na hesabu ni kwa kila mtoaji. Muhimu kijumbe awe na daftari linaloonyesha majina, tarehe na nani amepokea lini. Benki ikiuliza siku umeweka hela, unatoa daftari.

Hesabu hiyo ya kila mtoaji ndiyo inayotulinda kwenye misiba pia. Tunapochangishana kusafirisha mwili wa mwenzetu kwenda nyumbani, familia inaweza kupokea dola 30,000 kutoka kwa watu mia tatu. Kila aliyetoa mia moja ametoa zawadi ya mia moja.

TajiriWaBaadaye:

Mkuu vipi kiwanja? Nimechukua uraia wa huku, Tanzania hakuna uraia pacha, kwa hiyo kiwanja cha Kigamboni nimekiandikisha jina la kaka. Hela zangu zote. Je, nimempa zawadi?

MhasibuHouston:

Inategemea mlikubaliana nini, na mliandika nini. Kama kiwanja ni chake kweli, afanye atakavyo, basi umempa zawadi, na kwa kuwa wewe ni raia wa Marekani hata mali iliyoko Kigamboni inahesabika. Kama ameshika tu kwa niaba yako, si zawadi, ila uweze kuonyesha hivyo. Hapo habari ya IRS naiona ndogo kuliko habari ya kaka yako akitangulia mbele ya haki na wajane na watoto wakaja na hati yenye jina lake. Tafuta wakili wa Tanzania akuambie ni makubaliano gani yanasimama kwa sheria ya ardhi ya huko, maana mimi nchi hiyo sina leseni nayo.

Swali la mkopo limekuja inbox mara nyingi, ngoja nilijibu hapahapa. Ukimkopesha ndugu zaidi ya dola 10,000 bila riba, sheria inaihesabu ile riba uliyoisamehe kuwa zawadi, kwa viwango ambavyo IRS inatangaza kila mwezi. Isikutishe: mkopo wa 40,000, tuseme kwa asilimia 4, ni 1,600 kwa mwaka, mbali sana na 19,000. Lakini pawe na karatasi iliyosainiwa, tarehe za kurejesha, na marejesho yanayoonekana benki. Pasipo karatasi, yote 40,000 inasomeka zawadi.

NjeNdani_Leicester:

Sisi wa Uingereza mtuambie na yetu basi jamani.

MhasibuHouston:

Huko si eneo langu la kazi, najua misingi tu. Uingereza haina kodi ya zawadi kama hii, ina kodi ya mirathi inayorudi nyuma kuangalia zawadi. Kila mwaka wa kodi unaweza kutoa jumla ya pauni 3,000 ambazo hazihesabiwi, pamoja na zawadi ndogo za hadi pauni 250 kwa kila mtu mwingine. Zaidi ya hapo, ukiishi miaka saba baada ya kutoa, zawadi inatoka kwenye hesabu. Ukifariki kabla, inarudishwa kwenye mirathi na kupimwa dhidi ya kile kiwango cha pauni 325,000. Angalieni tofauti: huku 19,000 ni kwa kila mpokeaji, kwenu 3,000 ni jumla yote. Waliohama kutoka London kuja huku wanabeba kanuni ya miaka saba kichwani, haifanyi kazi hapa. Kanada nako hakuna kodi ya zawadi ya pesa, ila ukimpa mtoto nyumba ya kupangisha au hisa wanakuhesabu umeuza kwa bei ya soko.

MamaKDallas:

Habari zenu wanangu. Nimesoma uzi wote kwa miwani. Mimi nina miaka 68, mjane. Nyumba yangu niliinunua 2009 kwa 140,000, deni limeisha, sasa wanasema thamani yake 390,000. Ijumaa nakwenda kusaini kumwandikia binti yangu nyumba yote, ili nikifa asihangaike na mahakama. Yeye ana kwake, anaishi na mumewe Fort Worth. Mwenzangu wa kanisani amefanya hivyo. Je, nitadaiwa kodi ya zawadi?

MhasibuHouston:

Shikamoo mama.

Kodi ya zawadi hutadaiwa. 390,000 toa 19,000, inabaki 371,000, unajaza 709, msamaha unameza. Lakini mama nakuomba sana Ijumaa usisaini. Nieleze kwa nini.

Ukimpa mtoto nyumba ukiwa hai, anaipokea pamoja na bei yako ya kununulia. Mbele ya IRS ni kana kwamba aliinunua yeye 2009 kwa 140,000. Akija kuiuza 390,000, faida ni 250,000. Kwa kuwa haishi humo, hapati ule msamaha wa nyumba ya kuishi. Kwa kiwango cha asilimia 15 tu cha serikali kuu, atalipa 37,500. Akiipata kwa urithi baada yako, Mungu akupe umri mrefu, bei yake inaanza upya kwa thamani ya siku hiyo. Akiuza kwa bei hiyo, faida ni sifuri na kodi ni sifuri. Na wewe mwenyewe ukiamua kuuza leo, kwa kuwa umeishi humo, faida ya hadi 250,000 unasamehewa. Kwa hiyo kati ya njia tatu, unayotaka kusaini Ijumaa ndiyo pekee yenye kodi.

La pili, Medicaid, ile bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Ukihitaji kuingia nyumba ya kulelea wazee ndani ya miaka mitano tangu utoe nyumba, wataihesabu zawadi hiyo na wanaweza kukukatalia malipo kwa muda. Na wale hawaijui 19,000 ya IRS. Hata zawadi ndogo wanaziuliza. Watu wengi wanadhani ukitoa chini ya kiwango cha IRS uko salama na Medicaid, hapana.

La tatu, mama, nyumba ikishakuwa ya binti ni ya binti. Akidaiwa, akishtakiwa, ndoa yake ikiingia matatani, nyumba unayolala wewe inaweza kuingizwa kwenye mvutano. Simsemi vibaya, ni mwanao na unamjua.

Unachotaka wewe ni asihangaike mahakamani. Texas tangu Septemba 2015 ina hati ya kuhamisha nyumba baada ya kifo. Unasaini mbele ya mthibitishaji, unaisajili ofisi ya karani wa kaunti ungali hai, na nyumba inabaki yako kabisa. Unaweza kuiuza, unaweza kubadili mawazo. Ukiondoka duniani inahamia kwake bila mirathi ya mahakama, na kwa bei mpya. Wakili wa mambo ya mirathi atakuandalia, gharama yake ni ndogo mbele ya 37,500.

MamaKDallas:

Marahaba mwanangu. Nimesoma mara mbili. Huyo anayenitengenezea karatasi hakuniuliza hata nilinunua kwa shilingi ngapi. Naahirisha. Binti yangu mwenyewe nimempigia, amesema mama nyumba ni yako, kaa nayo.

Sasa na akaunti ya benki? Jina lake nimeshaliweka mwaka jana ili anilipie bili nikiumwa.

MhasibuHouston:

Hapo hujakosea mama. Hela ukiziweka mwenyewe na unaweza kuzitoa zote wakati wowote, kuongeza jina lake si zawadi bado. Inakuwa zawadi pale anapotoa kwa matumizi yake mwenyewe, na hiyo tunaipima kwa 19,000 ya mwaka huo. Akilipa umeme wako na dawa zako, hiyo ni hela yako imefanya kazi yako. Ila wadai wake wanaweza kuigusa akaunti yenye jina lake. Kuna benki zinazokubali kumweka kuwa mwenye mamlaka ya kusaini tu bila kuwa mmiliki, na wewe ukaandika jina lake kama mrithi wa akaunti. Ukienda tawini ulizia hivyo.

MbebaBoksiMN:

Mkuu la mwisho kabla hujalala. Ile kodi mpya ya kutuma hela ya asilimia moja inaingia kwenye hesabu hii?

MhasibuHouston:

Hapana, ni kitu kingine kabisa, ingawa imetoka kwenye sheria ileile ya Julai 2025. Kuanzia Januari 1, 2026, ukienda kwa wakala na kulipa kwa fedha taslimu, hawala ya fedha au hundi ya benki kutuma nje, wanakata asilimia 1. Awali muswada ulisema asilimia 5, na kwa wasio raia, ikaja kushuka hadi 1 na kuwahusu wote, raia na wasio raia. Ukituma kutoka akaunti yako ya benki ya Marekani au kwa kadi ya benki iliyotolewa Marekani, hukatwi. Dola 500 za mama kila mwezi kwa taslimu ni dola 5 zinapotea mwezi, 60 kwa mwaka, mfuko mzima wa mchele na mafuta juu. Wewe unayetoa elfu tisa tisa benki kisha unazipeleka dirishani kwa wakala, unajitafutia mashaka mara mbili. Ziache benki, tuma kwa programu ya simu iliyounganishwa na akaunti yako.

MbebaBoksiMN:

Nimeshaipakua mkuu. Naunganisha akaunti sasa hivi.